Mdunge Farasi, Apone Mwenyewe

Unataka kuwa tabibu wa sindano za Kichina kwa wanyama wa matajiri wa Marekani? Kazi ni safi, na mgonjwa hajui kuandika malalamiko. Fuata hatua hizi.

1. Chagua mgonjwa. Mbuzi achana naye. Mwenyewe atakuuliza bei ya nyama. Tafuta farasi wa mashindano anayechechemea, au mbwa mzee mwenye baridi yabisi. Maradhi hayo yana adabu: leo yanapanda, kesho yanashuka yenyewe. Jitahidi kuitwa siku yamepanda.

2. Jipatie ukoo. Mtaje Bo Le, mjuzi wa farasi wa China ya kale. Kwamba nukta nyingi za kudungia za leo zilitolewa kwenye mwili wa binadamu na kuhamishiwa kwa mnyama katika karne ya 20, hilo limeze.

3. Soma ramani ya njia za nguvu mwilini. Utakuta farasi amechorewa njia ya mfuko wa nyongo, na farasi hana mfuko wa nyongo tangu kuumbwa. Lisikutumbukie nyongo. Ukiulizwa, jibu kwamba nguvu hupita tu, haihitaji kituo.

4. Dunga. Anza na nukta iitwayo Bai Hui, pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga. Mbwa akipiga miayo, nguvu imefunguka. Akitaka kukung'ata, nguvu ilikuwa imekwama. Ziache sindano dakika 20, huku ukiongea na mwenyewe kwa sauti ya chini. Usisahau vidonge vya maumivu, kupunguza uzito na mapumziko: sindano hufanya kazi vizuri sana zikisindikizwa na hivyo.

5. Pima matokeo kwa kumuuliza mwenyewe. Mashine ziogope. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichunguza mbwa wenye kuchechemea waliopewa dawa bandia. Wamiliki wengi waliona nafuu, na madaktari wao wakaiona pia. Kifaa kinachopima mguu unavyokanyaga ardhi hakikuiona.

6. Jiandae kwa wasomi. Mwaka 2006 Habacher na wenzake walipitia majaribio 31 ya tiba hii kwa wanyama, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa nguvu wa kuipendekeza wala wa kuikataa. Sentensi hiyo ikate katikati. Nusu ya pili ibandike ukutani, jirani na bei.