Mtoto wa Lugha Tatu: Maelekezo kwa Mzazi Mwenye Haraka

Anza kabla hajazaliwa. Mimba ikifika miezi saba, kaeni sebuleni na mwenzako mkate shauri, kwa sababu chekechea za Kiingereza zinataka jina mapema na ada mapema zaidi. Sisi tulikubaliana hivi: Kiingereza atakipata shuleni, Kiswahili atakiokota mtaani, Kichaga atakitoa kwa bibi yake Kilema. Ukiutazama vizuri mpango huo, hakuna mahali ambapo baba au mama anafungua mdomo. Huo ndio uzuri wake.

Wazungu wana mpango wao. Jules Ronjat, mtaalamu wa lugha wa Ufaransa, alitoa kitabu mwaka 1913 kuhusu mwanawe Louis: yeye alimsemesha Kifaransa, mkewe Kijerumani, na mtoto akazishika zote mbili. Mzazi mmoja, lugha moja. Majirani zetu wa Tabata waliujaribu. Baba ni wa Machame, mama wa Rombo, na kila mmoja alishika Kichaga cha kwao. Asiyeujua mlima hudhani Kichaga ni kimoja. Wenyewe tunajua kwamba wa Machame na wa Rombo wakitaka kuelewana huhamia Kiswahili. Ilipofika wiki ya tatu baba hajui mtoto anaambiwa nini, mama anahisi anasemwa, na mpango ukavunjwa ili ndoa isivunjike.

Ronjat akikushinda, mgeukie dada wa kazi. Huyu ndiye anayeshinda na mtoto tangu alfajiri mpaka foleni ikurudishe saa mbili usiku, kwa hiyo mwalimu wa lugha ni yeye, tena wa bure. Wetu alitoka Kondoa na Kiswahili kitamu, na Kirangi juu yake, na vitendawili ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavisahau. Tukampiga marufuku. Tukamwagiza amsemeshe mtoto Kiingereza, naye alikuwa na maneno matano: kamu, sidauni, iti, silipu na donti. Aliyatumia kwa uaminifu. Kwa miezi kadhaa mwanangu aliamini Kiingereza ni lugha ya kuamrishia watu, na mgeni akiingia tu anaonyeshwa kochi: “Sidauni!” Wageni walifurahi mno. “Mh, huyu anatema yai!” Na mgeni mwenyewe ameshakaa, tena kwa adabu.

Wageni ni sehemu muhimu ya mafunzo. Mwite mtoto akiwa katikati ya mchezo, mikono imejaa udongo, umwambie, “Hebu mwambie anko unaitwa nani, kwa Kiingereza.” Atajificha nyuma ya sketi yako. Rudia kwa sauti kubwa zaidi. Upande wa adabu za Kiswahili usijisumbue sana, maana siku anko alipomuuliza wangu, “Shikamoo iko wapi?”, aliinama akaitafuta chini ya kochi.

Akichanganya lugha, mkaripie papo hapo. Akisema, “Mama, nataka kusilipu,” mwambie lugha haichanganywi kama makande. Ukishamaliza, mwamuru achukue kitabu mezani aende shule, na usimweleze kwamba kitabu tulikipata kwa Waarabu, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, na kwamba hata hela unayomlipia ada ilianza na heller, sarafu ambayo Wajerumani hao hao waliileta mwaka 1904. Ukweli ni kwamba watoto wa lugha mbili huchanganya, kisha wanazitenga wenyewe kadiri wanavyozoea nani anaelewa nini. Ila ukishalikubali hilo utakosa cha kukaripia.

Kuhusu shule nitasema machache, kwa kuwa ada yake bado inauma. Hofu ya mzazi haikutoka hewani. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali, ukiacha chache, zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akivuka kwenda kidato cha kwanza anapokewa na baiolojia ya Kiingereza. Ndiyo maana tunakimbilia mabasi ya njano. Shule yetu ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba: atakayesikika akisema Kiswahili anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Wangu alimaliza muhula wa kwanza bila kukivaa hata siku moja. Nilijivunia, mpaka mwalimu aliponiambia kwamba hakuwa amesema neno lolote, la lugha yoyote, tangu Januari.

Sasa Kichaga. Hiki msikitumie kwa mtoto hata kidogo. Mfundisheni neno moja, aika, ili akipewa ndizi ashukuru na wakwe waridhike. Kilichobaki kiwekeni akiba kwa mambo ya watu wazima: ada, marejesho ya kikoba, ndugu wa mume. Mimi ni wa Marangu, na kila jioni nikiwa jikoni humpigia mdogo wangu simu nikaiweka sauti ya juu karibu na jiko, tukasema yote kwa lugha yetu. Mwanangu, miaka mitano, huwa chini ya meza na vigari vyake. Hakuna aliyemwambia “sema tena.” Hakuna aliyemwita atoke aonyeshe wageni. Hata kutuangalia alikuwa hatuangalii.

Desemba tukapanda Moshi kama ilivyo ada. Marangu na Kilema tunaelewana. Tunapishana lafudhi tu. Tulifika jioni, tukapita penye mpaka wa kihamba uliopandwa masale, mmea ambao jani lake kwetu halichumwi ovyo, maana ndilo analobeba mkosaji akienda kuomba radhi. Siku mbili za kwanza bibi na mjukuu waliwasiliana kwa vidole na aika. Mpango wetu ulikuwa unakwenda vizuri.

Mkesha wa Krismasi mama mkwe akapakua mtori. Mtoto akaonja. Bibi akanyanyua kidevu kumuuliza kama ni mtamu, bila maneno, kama walivyozoea. Mtoto akalamba kijiko, akashusha pumzi kama mimi ninavyoishusha kwenye simu, akajibu kwa Kichaga cha Marangu, hakukosea hata silabi, kwamba mama amesema mtori wa nyumba hii ni maji ya mfongo, na chumvi huwa inausalimia tu inapita.

Baba yake akaacha kutafuna. Mama mkwe akaweka upawa chini polepole, akamtazama mjukuu wake kana kwamba ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi. Mimi hakunitazama. Alivuta kigoda akakaa karibu na mtoto, akamuuliza, kwa Kichaga, na mama yako mdogo alijibuje?

Mtoto akamwambia. Bibi akauliza tena, akajibiwa tena, marefu zaidi. Nilipowaacha walikuwa wameshatoka kwenye mtori wamefika kwenye kikoba, wanacheka, na mimi niko nje na tochi ya simu, natafuta jani la isale lililonyooka.