Jinsi ya Kuwa Mchekeshaji wa Runinga Ukitokea Litein

Umechoka kuchuma chai, majani mawili na chipukizi, na kila harusi ya kijijini unaitwa kushika maikrofoni? Dalili zimetimia. Panda matatu, ufuate hatua hizi.

1. Kubali kazi utakayopewa. Ukifika Nairobi na jina la Kikalenjin linaloanza na Kip-, nafasi zipo tatu: polisi, mwanariadha, na polisi aliyewahi kuwa mwanariadha. Usiringe. Charles Bukeko alivaa sare ya bawabu katika Papa Shirandula ya Citizen, bawabu anayeondoka nyumbani na suti ili mkewe asijue kazi yake, akawa maarufu kuliko mabosi anaowafungulia lango. Ila yeye kipindi alikibuni mwenyewe. Hilo usilisahau.

2. Jifunze lafudhi yako. Ile uliyozaliwa nayo haitoshi. Utaambiwa haisikiki Kikalenjin. Baba awe papa, gari liwe kari, na uongeze salamu ya "Chamgei!" hata unapoaga. Mwalimu wako atakuwa mtu ambaye hajawahi kupita Mau Summit. Mheshimu, ndiye anayeandika hundi.

3. Usipoiweza lafudhi yako, azima ya jirani. Benson Wanjau, Mkikuyu, alikuwa Mjaluo Mzee Ojwang katika Vitimbi ya KBC kwa miaka mingi, na watazamaji wakamkubali. Kwa hiyo usishangae mhusika Mkalenjin wa kipindi chako akichezwa na kijana wa Murang'a, nawe ukapewa kuwa Mkamba. Kitui hutakuwa umefika, lakini nani atauliza?

4. Lizike jina lako mapema. Wanjau alipofariki Julai 2015, vilio vilikuwa vya Ojwang. Wewe pia, baada ya msimu wa pili, hata mama mkwe atakuita kwa jina la mhusika, tena mbele ya wazee wanaojadili mahari.

5. Usiuze shamba. Majani ya chai ya KTDA hulipwa kila mwezi, na bonasi huja baada ya mwaka wa fedha kuisha. Marudio ya kipindi chako yatalipwa kwa sifa: utashuka Kapkatet, watoto wakukimbilie wakiigiza sauti yako, kondakta acheke mpaka ashike mbavu, kisha akutoze nauli yote, na ya mzigo juu.