Hili Banda Tu

Mzee mmoja wa Tabata, wiki ya kwanza baada ya kustaafu, alisimama uani akatazama pale penye mpapai na matairi mawili chakavu. Alichoona ni chumba, sebule na kodi ya miezi sita mkononi.

Fundi aliitwa Jumamosi. Akatembea hatua kumi kwenda na nane kurudi (huko ndiko kupima), kisha akatoa ripoti: "Mzee, hapa unapata masta na sebule, na jiko kwa mbele."

"Na kibali?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Mama, kibali ni cha nyumba. Hili banda tu."

Maneno hayo matatu yamewaponza wengi jijini Dar es Salaam. Na si ajabu. Nyumba ya Kiswahili, kama zile za Kariakoo na Magomeni, ilikuwa na korido katikati, vyumba huku na huku, na uani jiko, choo na stoo. Kijana akibalehe, stoo inageuka chumba chake. Akioa na kuhama, anaingia mpangaji. Mitaa ya wenye nazo ilikuwa na kota za watumishi. Nairobi wanaziita SQ, na siku hizi anayepanga humo huenda akawa na digrii. Tena wapo wanaokata vyumba viwili vya nyumba kubwa na kutoboa mlango wa pembeni, nao huapa kwamba hawajajenga kitu.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haina fungu la "banda tu". Inataka idhini kabla ya kuendeleza kiwanja, na kuongeza jengo uani ni kuendeleza. Unapeleka halmashauri michoro na uthibitisho wa umiliki. Mipango miji, mhandisi na afya kila mmoja anatia jicho lake: umeacha nafasi gani mpakani, majitaka yanakwenda wapi.

Mpwa wa mzee, aliyeko California, alituma ujumbe wa sauti. Huko watu hugeuza gereji kuwa nyumba, na sheria ya jimbo inaitaka manispaa ijibu ombi ndani ya siku 60. Jengo jipya huacha futi 4 kutoka mpakani. "Siku 60!" mzee akacheka. "Fundi wangu kajibu papo hapo."

Banda likasimama ndani ya wiki saba, ukuta wake ukiwa umeegemea mpaka kama mtu aliyechoka kusubiri daladala. Mvua ya kwanza ilishusha maji yote ya paa kwenye kamba ya nguo za jirani. Mlango wa choo ulifunguka nusu, ukakutana na sinki, ukaishia hapo. Mpangaji, kijana mwembamba kwa bahati yake, akajifunza kuingia kwa ubavu.

Yote hayo yalivumilika mpaka shimo la choo cha nyumba kubwa lilipojaa. Gari la majitaka likaja, dereva akavuta mpira, akauliza mfuniko uko wapi. Mzee akamtazama fundi, fundi akautazama mpapai, ambao haukuwepo tena. Mfuniko ulikuwa sebuleni kwa mpangaji, chini ya kochi na sentimita kadhaa za zege.

Zege likavunjwa, mpira ukapitishwa dirishani, na kijana akahamia kwa rafiki yake siku tatu. Wiki iliyofuata ofisa wa ujenzi alifika na notisi. Mzee akajitetea kwa ile hoja ya fundi.

Mpangaji, ambaye bado hakuwa na furaha, akatoa simu na kumwonyesha ofisa risiti ya luku. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kwenye umeme tangu 2021, na nyumba ya kawaida sasa hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mita ya nyumba kubwa ilikuwa imekatwa 1,500. Mita ya banda nayo, 1,500.