Mzee Bado Anatumika

Watu hudhani kumwondoa mtu kwenye kompyuta ni kubonyeza kitufe tu. Kwa upande wa kitufe hawajakosea. Kwenye mashine nyingi za ukoo wa Unix, ikiwemo Linux inayoendesha seva ya ofisi yetu, amri yenyewe ni neno moja, userdel, likifuatiwa na jina la mhusika. Haidai sahihi ya mkuu wa idara wala muhuri. Ikishafuta haisemi lolote, inakaa kimya ikisubiri amri nyingine. Mashine haina shida na mtu. Shida ziko kwetu tunaokunywa naye chai.

Mzee wa Stoo alipofikisha miaka 60 tulimuaga kwa pilau, soda na feni ya kusimama iliyofungwa utepe. Akaunti yake iliitwa mzee, hivyo hivyo, bila ukoo. Seva mpya ilipoletwa, watumishi wote waliandikishwa upya, naye akagoma kuhama kwenye ile kongwe mpaka ahakikishe wenzake wamefika salama. Alipokubali nikamuuliza aandikwe nani. "Andika mnavyoniita," akasema. Akawa wa mwisho kwenye orodha, nambari 1023. Baada yake hakuajiriwa mtu, maana kibali cha ajira kilikuwa njiani, na kwa ninavyokifahamu kibali hicho, bado kiko njiani.

Nambari hiyo ndiyo kiini cha mkasa wote, kwa hiyo naomba uvumilivu kidogo. Sisi tunajuana kwa majina. Linux inajuana na nambari. Msimamizi mkuu, root, ni 0. Watumiaji wa kawaida kwenye mifumo mingi huanzia 1000. Kila faili kwenye diski limebandikwa nambari ya mwenyewe, na jina hutafutwa baadaye kwenye daftari liitwalo /etc/passwd, ambalo kila mstari wake una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ukilifuta jina daftarini, vitu alivyoviacha mtu kwenye diski havitikisiki. Ni sawa na mwenye nyumba kumkata mpangaji kwenye kitabu cha kodi huku kitanda, kabati na jogoo wa mpangaji vikiwa bado vimo chumbani.

Mkaguzi alipokuja aliomba daftari hilo lichapishwe. Nililichapisha kwa moyo mweupe. Akakaa nalo, kalamu nyekundu mkononi, na muda si mrefu akaniita.

"Hapa mna watumishi wangapi?"

"Ishirini na wanne, pamoja na mzee aliyestaafu."

"Mbona mimi naona zaidi ya arobaini?"

Mtu aliyekuwa mtumishi wa umma Tanzania mwaka 2016 anajua kwa nini jasho lilinitoka. Mwaka ule serikali ilitangaza kuwa imegundua watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye orodha za mishahara, na tangu hapo jina lisilo na sura halipiti bila maelezo. Sasa mkaguzi alikuwa na orodha ya daemon, bin, games, news, irc na www-data, wote wamo kwenye daftari la ofisi na hakuna aliyewahi kuwaona kwenye foleni ya chai. Hizo ni akaunti za mfumo. Huzaliwa na mashine yenyewe, kila moja ikashika kazi fulani ya ndani ili kazi hiyo isifanywe kwa mamlaka ya root. Zimo hata kwenye seva ambazo hazina mchezo wala mtu wa kuucheza.

"Huyu lp ana nambari 7," alisema mkaguzi. "Mkurugenzi ana 1000. Ina maana huyu alimtangulia mkurugenzi kazini?"

"Huyo ni wa printa."

"Kitengo cha printa kiko ghorofa ya ngapi?"

Nilipofika kwa nobody, mwenye nambari 65534, mkaguzi alivua miwani. Alitaka kujua wale elfu sitini na ushee waliotangulia mbele yake wako wapi, na nani aliidhinisha.

Tulimaliza vikombe viwili vya chai na sahani ya maandazi, akaelewa. Karibu majina yote akayasamehe. Likabaki moja, mzee, akaandika hoja: mstaafu bado yumo kwenye mfumo. Hapo alikuwa na haki kabisa. Akaunti ya mtu aliyeondoka ni mlango wenye kitasa, na hakuna anayekumbuka ufunguo uko kwa nani.

Msimamo wangu katika hili haujabadilika: mtu akiondoka, kwanza mfungie, kufuta kuje baadaye. Ukiiagiza amri nyingine, usermod, ifunge akaunti, huweka alama ya mshangao mbele ya neno la siri lililofumbwa ndani ya faili jingine, /etc/shadow, na hapo hakuna herufi utakazochapa zikalingana nalo. Faili hilo la pembeni lina sababu yake. Zamani maneno ya siri, hata kama yamefumbwa, yalikaa kwenye passwd ambayo kila mtumiaji anaweza kuisoma. Daftari moja la namna hiyo lilisahauliwa ndani ya msimbo wa zamani wa BSD, tawi la Unix, likiwa na majina ya waasisi wenyewe wa Unix. Wadadisi walilikalia kwa miaka, na Oktoba 2019 wakalifumbua neno la mmoja wao, Ken Thompson: lilikuwa hatua ya kwanza ya mchezo wa sataranji, kitunda cha malkia kikisogezwa mbele. Humo humo yumo pia Dennis Ritchie, aliyefariki Oktoba 2011. Mkaguzi wetu angepewa lile daftari angehitaji kalamu nyingine.

Ila kufunga neno la siri peke yake hakutoshi. Mwenye ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, anapita bila kuulizwa neno lolote, kwa hiyo akaunti huwekewa na tarehe ya kuisha muda. Linux huhesabu tarehe hiyo kwa siku tangu 1 Januari 1970, na desturi ya mafundi ni kuandika 1, yaani imekwisha siku nyingi, usijisumbue. Nikaandika 1. Mkaguzi aliomba ushahidi wa utekelezaji, nikamchapishia.

Karatasi ilisema muda wa mzee uliisha tarehe 2 Januari 1970.

Hoja mpya ilikuja kwa barua, na ilikuwa nene kuliko ya kwanza. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, mtumishi aliondolewa mwaka 1970 lakini ameendelea kulipwa mishahara, posho na fedha za likizo hadi mwaka huu. Menejimenti itoe maelezo. Mzee alizaliwa mwaka 1963. Mwaka 1970 alikuwa na miaka saba, na kama alikuwa akipokea posho, ilikuwa ya maziwa.

Afisa utumishi, mama ambaye barua ya ukaguzi humpandishia presha hata kabla ya kufunguliwa, alikuja mwenyewe kwenye kitengo cha TEHAMA, yaani kwangu na kwa feni yangu.

"Kaka, mfute."

"Mama, tukimfuta kuna mambo yatafuata."

"Yafuate. Mfute, pasibaki hata harufu."

Nikaomba maelekezo kwa maandishi. Yakaja, na muhuri. Nikaandika userdel mzee mbele yake. Kwa mtu aliyelelewa kusema shikamoo, kubonyeza Enter baada ya maneno hayo mawili kunataka moyo. Nikabonyeza. Mashine ikakataa: mtumiaji mzee bado anatumika, na ikataja nambari ya kazi inayomtumia.

"Inasemaje?"

"Inasema mzee bado anatumika."

"Anatumiwa na nani?" Akashika kifua. "Si yuko Mkuranga kwenye mihogo yake?"

Ukweli ni kwamba Mzee aliiacha kompyuta ya stoo ikiwa wazi, akafunga mlango, na ufunguo akaondoka nao. Programu zake zilikuwa zinaendelea kukimbia kwenye seva kwa jina lake, na Linux kwa kawaida haimfuti mtu aliye kazini. Nikamweleza mama kwamba hapo hakuna njia, itabidi kwanza niue kila kitu cha mzee. Akasema, "Shindwa!" na akakaa mbali na kibodi.

Ndipo mhasibu alipoingia mbio. Habari ilikuwa imeshafika uhasibu, na kilichomtoa jasho hakikuwa leja ya stoo. Mzee ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kamati zote za harusi hapo ofisini. Ahadi zote, nani kasema atatoa ngapi, nani katoa nusu, nani kila akikumbushwa anakumbuka ana kikao, zilikuwa kwenye faili moja ndani ya folda yake, lenye ruhusa ya 600, maana yake, ukimtoa root, mwenyewe tu ndiye anayeweza kulisoma. Alikuwa pia amejifunza cron, programu inayofanya kazi kwa saa iliyopangwa, na kila Ijumaa saa tatu asubuhi ilituma barua pepe za kuwakumbusha wadaiwa. Kompyuta alijifunza kwa shida, lakini hilo halikumzuia kujifunza palipomfaa.

Userdel ina nyongeza ya herufi moja, r, inayofuta pia folda ya mtu na barua zake. Sikuiweka. Nikaua programu zake, nikafuta jina, nikaacha vitu. Tangu siku hiyo, kila mahali palipokuwa pameandikwa mzee pakawa pameandikwa 1023, basi. Ijumaa ilipofika cron ikalikuta agizo la mtu asiyekuwepo daftarini, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kuwa ni yatima, ikalipita. Hakuna aliyekumbushwa. Nyuso zilinawiri wiki hiyo kuliko wiki ya mishahara.

Niliandika dokezo: nambari 1023 isipewe mtu mwingine yeyote. Dokezo likaenda masijala, mimi nikaenda likizo. Huku nyuma akaja mwanafunzi wa field, binti mpole, na kijana aliyenikaimu akamfungulia akaunti. Mashine ikiachwa ichague yenyewe, hutazama nambari ya juu kabisa iliyopo na kupanda moja. Ya juu kwa wakati huo ilikuwa 1022.

Basi binti akaamka tajiri. Kwenye folda ya pamoja, hati zote za stoo zilisomeka kuwa ni zake. Kulikuwa na barua ya mwaka 2011 ya kulalamikia magunia ya saruji yaliyolowana, ambayo kwa mujibu wa seva aliiandika yeye, akiwa darasa la tatu. Na lile faili la ruhusa ya 600, ambalo mkurugenzi mwenyewe asingeweza kulifungua, lilimfungukia bila kubisha. Linux haikuvunja sheria yoyote. Mwenye 1023 aliomba, mwenye 1023 akapewa.

Angekuwa mtoto mtundu pangekuwa na nafuu. Huyu alikuwa amelelewa. Alidhani ni sehemu ya majukumu yake, akachapisha orodha, akaanza kupita meza kwa meza na kalamu. Alipofika kwa afisa utumishi alipiga goti.

"Shikamoo mama. Samahani, hii laki moja ya harusi ya mhasibu, niandike lini?"

Mhasibu anakaa meza inayofuata. Ndoa yake ina watoto wawili.

Niliporudi likizo nilikuta ofisi ina heshima ya kutisha. Juu ya hayo, hesabu ya mali ilikuwa imefika na hakuna aliyeelewa leja ya stoo, maana Mzee aliiandika kwa vifupisho vyake mwenyewe. Ikaamuliwa arudishwe kwa mkataba wa muda. Afisa utumishi alisaini akiwa ameangalia dirishani.

Kumrudisha kulitaka adabu. Nilimhamishia binti nambari 1024, nikatenganisha vyake na vya Mzee kwa kigezo kimoja: kilichoandikwa kabla hajaja si chake. Kisha nikamwandikisha Mzee upya kwa jina lile lile, safari hii nikiitajia mashine 1023 kwa mkono badala ya kuiachia ichague. Leja, barua za saruji, faili la ahadi, vyote vikamtambua mwenyewe. Mzee alifungua stoo kwa ule ufunguo aliokuwa ameondoka nao, akanikuta mlangoni, akashangaa kusikia kwamba alikuwa amefutwa. Yeye alijua yuko shambani tu.

Cron nayo hupitia yatima wake kuona kama wamepata mzazi. Ikamwona mzee daftarini, ikaona nambari ya faili inalingana na nambari ya mwenyewe, ikalichukua agizo lake bila kumwambia mtu. Ijumaa saa tatu kamili simu zikaanza kulia kuanzia masijala mpaka ghorofa ya juu.

Saa tatu na dakika tano afisa utumishi alikuwa kwangu. Akafunga mlango, akavuta kiti karibu na feni, akauliza kama ile mashine inaweza kuelezwa kwamba yeye laki yake aliilipa tarehe 2 Januari 1970.