Jinsi ya Kupangisha Vyumba Ndani ya Ubuntu

Ukiweka programu ya Snap kwenye Ubuntu, hesabu kwamba umepata mpangaji. Atakuja na kila kitu chake, hata maktaba za msimbo ambazo nyumba yako tayari inazo, na ndiyo maana mizigo yake huwa mizito. Mvumilie. Asiyeazima sufuria zako hawezi kukuharibia jiko.

Usikimbilie kuandika `sudo snap install vlc`. Anza na `snap info vlc`, usome jina la mchapishaji na uangalie kama ana alama ya vema ya kuthibitishwa. Hapa nasisitiza kwa nguvu zote. Mwaka 2024 mtu mmoja alipakua kwenye duka la Snap programu iliyojifanya pochi ya bitikoini ya Exodus, akaiandikia maneno yake ya siri, na bitikoini 9 zikaenda. AppArmor, mlinzi anayezuia programu isitoke chumbani mwake, hakuwa na la kufanya: mwenye mali alikabidhi mwenyewe.

Akishaingia, funguo unashika wewe. `snap connections vlc` huonyesha milango aliyoomba na ile iliyofunguliwa. Asipoziona filamu zako zilizo kwenye fleshi, usimtukane; mfungulie kwa `sudo snap connect vlc:removable-media`. Kikokotoo kikiomba kamera, mlango ubaki umefungwa vivyo hivyo. Wapo pia wanaodai `--classic`, kama Visual Studio Code. Hao hupewa nyumba nzima, pamoja na vyumba vya kulala, kwa hiyo mkubalie yule tu ambaye ungemwachia nyumba ukisafiri.

Snap hukagua masasisho mara 4 kwa siku bila kubisha hodi, na bando ni lako. Ukiwa na siku tatu za kazi nyingi, `sudo snap refresh --hold=72h` huwatuliza wapangaji wote. Usiwazuie milele, maana masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Likija sasisho lenye kasoro, `sudo snap revert vlc` hurudisha toleo lililotangulia, ambalo Snap hulitunza kwenye diski makusudi.

Siku ya kumhamisha, andika `sudo snap remove --purge vlc`. Bila `--purge`, nakala ya data zake hutunzwa kwa siku 31 na kula nafasi. Ziorodheshe kwa `snap saved`, kisha usizozihitaji uzifute kwa `sudo snap forget` na namba zake.