Sifa kwa Wajaza Viti

Ukifika steji ya Thika asubuhi ukitafuta gari la Nairobi, makanga atakuapia kwamba amebakisha mmoja tu. Unachungulia dirishani na kweli vichwa vimejaa: mmoja kavaa kofia nyekundu karibu na dereva, mwingine anapiga miayo kama aliyeanza safari jana. Unapanda. Punde wa kofia anashuka, halafu wa miayo, halafu wanne kwa mpigo, nawe unabaki na mama mmoja na mananasi yake, na nusu saa ya kungoja. Wapo wanaowalaani vijana hawa. Mimi leo nawaimbia sifa, wao pamoja na wenzao walioajiriwa kazi hiyohiyo angani, katika filamu za Star Wars.

Biashara ni ileile. Hakuna apendaye kupanda gari tupu, na mwenye filamu hathubutu kukupakia katika hadithi isiyo na sura unayoijua. Basi roboti R2-D2 na C-3PO wakawekwa vitini katika filamu zote tisa za sakata kuu, tangu 1977 hadi 2019. Hata ilipotoka Rogue One mwaka 2016, filamu isiyowahusu ndewe wala sikio, walitokezwa sekunde chache, C-3PO akalalamika kidogo, wakashuka. Kazi safi. Tena si wageni hao: mwaka 1999 tuliarifiwa kwamba C-3PO aliundwa na babake Luke Skywalker, akiwa mtoto wa miaka tisa. Mtu wa Ruiru ataelewa. Sisi tukikutana na mtu pale Kimbo, dakika tano hazipiti kabla hatujagundua kwamba shangazi yako ni jirani wa shemeji yangu. Galaksi nzima, nyota zote hizo, imefaulu kuwa ndogo kuliko Kimbo. Nani tena ataogopa upweke wa anga?

Kisha kuna suala la kifo. Tulipokuwa watoto katika vibanda vya video vya Makongeni tulijua sheria moja: stelingi hafi. Adui, lakini, alikufa, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Star Wars imeondoa ubaguzi huo. Kaizari Palpatine alitupwa shimoni mwaka 1983. Mwaka 2019 akarejea, mwigizaji akiwa yuleyule, Ian McDiarmid, na rubani mmoja akawaarifu wenzake kwamba karudi, vipi hajui. Makanga naye huwa haelezi. Darth Maul alikatwa kiunoni vipande viwili mwaka 1999. Mwaka 2018 tukamwona tena sinemani, mzima wa afya.

Lakini fahari ya kazi hii ni Boba Fett. Mwaka 1980 alipewa kauli nne za kusema. Mwaka 1983 alimezwa jangwani na dude lililosemekana kumsaga mtu tumboni kwa miaka elfu moja. Mwaka 2020 akatoka, na kabla 2021 haujaisha alikuwa na tamthilia yenye jina lake. Sijui mzazi gani wa Landless asiyemwombea hivyo mwanawe mkimya. Na katika tamthilia hiyo, sehemu nzima ya tano Boba Fett hakuonekana kabisa. Kiti chake kilikaliwa na yule Mandalorian wa tamthilia nyingine. Yaani mjaza viti alijaziwa kiti. Steji yetu haijafika kiwango hicho, ingawa nina imani na vijana wetu.

Sisi Wakenya tuna sababu zaidi ya kushukuru. Lupita Nyong'o aliingia mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kutwaa Oscar, kama Maz Kanata, mhusika mpya kabisa. Akapewa kazi gani? Kumtunzia Luke upanga wake sandukuni, chumba cha chini. Han Solo alipomuuliza ameupataje, alimjibu kwamba hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na siku hiyo hatujaiona. Uso wake wenyewe ulifunikwa na sura ya kompyuta, ya kibibi mwenye miwani mikubwa. Mwaka uliofuata, katika Rogue One, mwigizaji Peter Cushing, aliyefariki 1994, akarudishiwa uso wake kwa kompyuta, akasimama mbele, akatoa amri. Aliye hai akavikwa barakoa, marehemu akavuliwa sanda. Na watu husema Hollywood haina adabu ya kutanguliza wazee!

Itifaki hiyo tunaijua. Niliwahi kwenda harusi Ngoingwa ambako mshereheshaji alitambua uwepo wa diwani, wa chifu mstaafu, wa mzee aliyewahi kugombea kiti mara tatu, kila mmoja akapewa maikrofoni asalimie. Keki ilikatwa kwa mwanga wa simu. Sijaona harusi iliyojaa kuliko ile, na jina la bibi harusi silikumbuki.

Juzi nilikata shauri nisubiri gari la ukweli. Nikaketi kando ya muuza mahindi, nikaacha magari matatu yajae yaondoke. La nne likaja, na kule mbele, karibu na dereva, kofia nyekundu. Moyo ukanidunda kama nimemwona ndugu aliyepotea vitani. Nikakimbia, nikapanda, nikakaa nyuma yake. Akageuka, akanitazama kidogo.

"Umerudi, mzee wangu?" akaniuliza, kisha akashuka.