Namna ya Kuandaa Polo ya Maji ya Kimataifa Fumba

Ukitamka hapa Fumba, Unguja, kwamba unataka kuleta mashindano ya kimataifa ya polo ya maji, utaambiwa usubiri bwawa. Usisubiri. Fuata hatua hizi.

Kwanza, sahau bwawa. Polo ya maji iliingia Olimpiki Paris mwaka 1900, na mechi zilichezwa mtoni, ndani ya Seine. Osborne Swimming Club ya Manchester, iliyoiwakilisha Uingereza, iliwafunga Wabelgiji wa Brussels 7–2 katika fainali. Miaka 20 baadaye, Antwerp, wachezaji waliingizwa katika handaki la maji la ngome ya zamani, na maji yake yalikuwa ya baridi kali. Uingereza ikatwaa tena dhahabu. Ghuba ya Menai ina maji ya uvuguvugu na haina barafu. Tumeshawazidi waanzilishi.

Pili, soma mwezi kabla ya kusoma kanuni. Mchezaji wa polo ya maji haruhusiwi kukanyaga chini. Akisimama, refa anapiga filimbi. Siku ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Anzisha fainali saa isiyofaa, na robo ya nne itachezwa na wanaookota chaza. Kwa hiyo muone bwana diko, msimamizi wa pwani wanakotua wavuvi, umwombe akupangie siku ya maji mafu, na mechi ianze yakikaribia kujaa, pale mkondo unapotulia. Ratiba atakayokupa, hakuna kamati ya Ulaya inayoweza kuipinga.

Tatu, tengeneza magoli. Upana ni mita 3, na mtambaa panya unakaa sentimita 90 juu ya maji. Fundi wa ngalawa hahitaji mchoro zaidi ya huo. Fito, vyelezo vya jarife, kipande cha wavu, na nanga mbili kila upande ili goli lisielee kuelekea Kwale huku kipa akilifukuza.

Nne, chagua wachezaji kwa miguu yao. Wengi watakimbilia Forodhani, wanakoruka vijana jioni mbele ya watalii. Ujasiri wao ni hazina, lakini kuruka ni sekunde 2, na mechi ni robo 4 za dakika 8. Mpe kijana jaribio hili: akae wima majini penye kina, apandishe magoti, azungushe miguu kwa zamu, wa kulia ndani, wa kushoto ndani, kisha anyanyue mikono yote miwili juu na kukusimulia habari za nyumbani kwao. Akimaliza habari bila kumeza maji, mwandikishe. Unahitaji 7 majini, kipa akiwemo. Kofia nyeupe kwa timu moja, buluu kwa nyingine, nyekundu kwa makipa.

Tano, weka wazee ufukweni. Tarehe 6 Disemba 1956, Melbourne, Hungary ilikutana na Umoja wa Kisovieti, wiki chache baada ya vifaru vya Wasovieti kuyazima maasi ya Budapest. Hungary ikiongoza 4–0, mchezaji wake Ervin Zádor alipigwa ngumi na kutoka majini akivuja damu usoni. Watazamaji wakafura, mechi ikavunjwa. Hungary ikachukua dhahabu, na hadi leo inazo 9 za wanaume, kuliko nchi yoyote. Michezo haifuti visasi vya watu. Ndiyo maana sheha na wazee wakae mstari wa mbele, wanaojua nani ana kinyongo na nani.

Sita, tazama kiti kitupu. Misri ilicheza Olimpiki mwaka 1948, Afrika Kusini mwaka 1952. Paris 2024, kati ya timu 12 za wanaume, hapakuwa na hata moja ya Afrika. Na sisi tuliozungukwa na bahari tuna watu wazima wengi wasiojua kuogelea. Septemba 2011 ilipozama meli ya MV Spice Islander, tulilia kisiwa kizima. Hapo ndipo mwongozo huu unapokusudia kufika. Mpira ni kisingizio kizuri cha kumfundisha mtoto kukaa hai majini.

Kwa hiyo anza na watoto wa skuli, wa kiume na wa kike. Olimpiki iliwaweka wanawake nje ya mchezo huu hadi mwaka 2000. Fumba haina sababu ya kurudia kosa la miaka 100. Nungwi, Panje Project imeshaonyesha kwamba msichana wa kisiwani anaweza kufundishwa kuogelea akiwa amevaa mavazi ya heshima.

Saba, peleka mialiko. Siku kila mtoto wa Fumba atakapoweza kukaa wima majini robo nzima, dakika 8, bila kugusa chini, barua ya kwanza iende Misri. Hata Wamisri wakikataa kuja, mashindano yatakuwa yameshatulipa.